QNH maana yake nini, na kwa nini ya Nairobi huwa juu kuliko ya Mombasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea urubani, bado niko darasani, sijaanza kuruka. Kila nikisikiliza mazungumzo ya mnara na ndege nasikia "QNH" ikifuatwa na tarakimu. Mwalimu wetu mmoja anasema N na H ni kifupi cha Nautical Height, mwingine anasema ni Newlyn Harbour. Na hiyo Q je? Jambo la pili: taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja cha Mombasa inasema Q1013, ya Nairobi saa ileile inasema Q1022. Tumefundishwa kwamba QNH ni mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari. Bahari ni moja, sasa inakuwaje namba ziwe mbili? Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba. Maswali yako mawili yana jibu moja, na jibu hilo haliwapi ushindi walimu wako wote wawili. N si Nautical, H si Height, wala hapo hapana bandari ya Newlyn. Ni kweli Newlyn ipo, kule Cornwall, na Waingereza hupima vimo vya milima yao kuanzia usawa wa bahari uliopimwa hapo. Lakini hayo yalibandikwa baadaye na wanafunzi waliotafuta njia ya kukumbuka. Herufi za QNH hazifupishi neno lolote la Kiingereza wala la lugha nyingine. Ni anwani tu ya mstari mmoja katika orodha ndefu, na katika mstari huo kuna sentensi nzima. Tena ni sentensi ya kuuliza.

Sentensi hiyo bado imo katika orodha ya misimbo ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Kwa Kiswahili ni hivi (altimeta ni kifaa cha ndege cha kusomea kimo): "Niweke namba gani kwenye kidirisha cha altimeta yangu ili, kama ndege yangu ingekuwa imetua hapo kwenu, altimeta isome kimo cha mahali hapo?" Na mwenye kujibu husema: "Ukiweka namba hii, itasoma hivyo."

Isome tena taratibu. Bahari haikutajwa. Anayeuliza hataki kujua hewa ya pwani ina mgandamizo gani. Anataka namba itakayofanya mishale ya altimeta yake iseme kweli pale magurudumu yatakapogusa lami. Basi. Ukiishika sentensi hiyo, fumbo la Mombasa na Nairobi limekwisha kufumbuka nusu.

Tuanze na Q. Karibu mwaka 1909 serikali ya Uingereza iliandaa orodha ya vifupisho kwa ajili ya meli zake na vituo vya simu ya upepo vya pwani. Wakati ule hakuna aliyezungumza kwa sauti. Kila kitu kilipigwa kwa alama za Morse, nukta na mstari, mkono mmoja ukigonga kitufe. Sentensi ndefu ilichosha mkono na ilikula muda wa masafa ambayo meli nyingine zilikuwa zikiyangojea. Halafu kulikuwa na tatizo la lugha: nahodha wa Kinorwe, opereta wa Kifaransa na kituo cha Waingereza waelewane vipi usiku wa ukungu? Orodha ikatatua yote mawili. Herufi tatu zina maana moja kwa kila taifa, na kila mtu anaisoma kwa lugha yake katika kitabu alicho nacho mezani.

Mwaka 1912, miezi michache tu baada ya Titanic kuzama, mataifa yalikutana London kwa ajili ya mkataba wa kimataifa wa simu ya upepo, na orodha ya aina hiyo ikaingizwa humo ikawa mali ya wote. Ndipo ukapata QRM, yaani "je, unaingiliwa na vituo vingine?", QRT, "niache kutuma?", QSY, "nihamie masafa mengine?" Kanuni ilikuwa rahisi: ukiweka alama ya kuuliza mwishoni, unauliza, usipoiweka, unajibu au unaarifu. Kwa hiyo kila msimbo wa Q una pande mbili, swali na jibu lake. Herufi yenyewe ilifaa kwa sababu haichanganyiki kirahisi na kitu kingine. Hata alama za utambulisho za vituo na za ndege hazianzi na Q mpaka leo, makusudi, ili opereta akisikia mistari miwili, nukta, mstari, ajue papo hapo kwamba kinachokuja ni msimbo.

Usafiri wa anga ulipokua ukapewa eneo lake katika orodha: QAA hadi QNZ. Zinazoanzia QRA zikabaki kuwa za wote, wa baharini, wa nchi kavu na wa angani. Kwa hiyo QNH iko karibu na mwisho wa eneo la ndege, jirani wa QNE, na hakuna siri zaidi ya hiyo. Ukitaka kujua kwa nini ni NH wala si NG, ni sawa na kuuliza kwa nini nyumba fulani mtaani ina namba 14.

Huku kwetu misimbo hii ilifika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za kutoka Croydon, London, kuja Afrika, na barua zilifika hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Kufikia 1937 ndege zao kubwa za kutua majini zilikuwa zikipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Ndani ya ndege zile, karibu na marubani, alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa simu ya upepo tu. QNH kwa Morse ni hivi: mstari mstari nukta mstari, mstari nukta, nukta nne. Ishara kumi. Ongeza alama ya kuuliza, nukta mbili mistari miwili nukta mbili, na swali zima lenye maneno zaidi ya ishirini limekwisha kufika kituoni.

Lakini swali lile lisingekuwa na maana kama altimeta isingekuwa na kidirisha cha kuwekea namba. Altimeta ni kipima mgandamizo wa hewa kilichochorwa futi badala ya vipimo vya mgandamizo. Ndani mna vikopo vyembamba vya chuma vilivyotolewa hewa na kufungwa. Ndege ikipanda, mgandamizo unapungua, vikopo vinatanuka, mishale inazunguka. Shida ni kwamba mgandamizo hubadilika pia ndege ikiwa imeegeshwa, kwa sababu hali ya hewa imebadilika. Mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, Paul Kollsman, ndiye aliyetengeneza mwaka 1928 altimeta yenye usahihi wa kutosha, na tarehe 24 Septemba 1929 Jimmy Doolittle aliitumia katika uwanja wa Mitchel, New York, kuruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje kabisa. Kile kidirisha kidogo chenye tarakimu pembeni mwa altimeta, kinachobadilishwa kwa kuzungusha kifundo, marubani wengi bado wanakiita kwa jina la Kollsman. Ukizungusha kifundo, tarakimu zinabadilika na mishale nayo inasogea: hektopaskali moja, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, ni kama futi 27. Shika namba hiyo, utaihitaji.

Sasa, rubani anaweza kutaka altimeta imsomee mambo tofauti, na orodha ina swali la kila jambo. Akiuliza QFE, anataka namba itakayofanya altimeta isome sifuri akiwa amekaa juu ya njia ya kurukia. Inapendeza kwa mtu anayezunguka kiwanja kimoja akijifunza kutua: futi 1,000 kwenye altimeta ni futi 1,000 kutoka kwenye kiwanja, huhitaji kutoa wala kujumlisha. Jeshi la anga la Uingereza limeipenda sana, na Urusi iliitumia kwa miaka mingi.

Jaribu QFE Nairobi, hata hivyo. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale chini, kwa kipimo halisi, ni kama hektopaskali 840. Altimeta nyingi kidirisha chake huanzia 950 hivi na kuishia karibu na 1050. Utazungusha kifundo mpaka kigome, na 840 hutaiona. QFE ya Nairobi, kwa altimeta ya kawaida, ni namba isiyowekeka. Nadhani mtu aliyejifunza kurukia nyanda za juu za Afrika Mashariki huelewa upesi zaidi kwa nini QNH ilishinda duniani kuliko mtu aliyejifunzia karibu na bahari. Isitoshe, milima kwenye ramani imeandikwa vimo vya kutoka usawa wa bahari. Ukitumia QNH, altimeta yako na ramani yako vinasema lugha moja.

Kuna na QNE, ambayo inafundishwa vibaya karibu kila mahali. Darasani utaambiwa "QNE ni 1013". Swali lake halisi ni hili: "Nikiweka 1013.2 kwenye kidirisha, altimeta yangu itasoma nini nikitua hapo kwenu?" Jibu lake ni futi, si hektopaskali. Ni swali la mtu ambaye kidirisha chake hakimfikishi kwenye namba anayoitaka, kwa hiyo anaweka ile ya wastani na kuomba aambiwe mapema atakachokiona. Matumizi ya kuweka 1013 yamehamia angani juu, ambako ndege zote zikipita kimo cha mpito, yaani kimo kilichopangwa cha kubadilishia namba, huweka namba hiyo moja ili zipishane kwa kipimo kilekile, hata kama kipimo chenyewe si kimo halisi. Kwenye mtihani jibu wanavyotaka watahini wako, ila ujue.

Turudi kwenye fumbo lako. Mtu wa hali ya hewa pale Nairobi anapima mgandamizo kwenye kiwanja, anapata tuseme 840. Ili apate QNH, lazima ajumlishe uzito wa hewa ambayo ingekuwapo kati ya kiwanja na usawa wa bahari, futi 5,330 za hewa ambazo hazipo, kwa sababu mahali pake pamejaa udongo na mawe. Hewa hiyo ya kudhaniwa ina joto gani? Hapo ndipo penye siri. QNH haitumii joto la siku hiyo. Inatumia anga ya mfano iliyokubaliwa kimataifa: nyuzi 15 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, mgandamizo 1013.25, joto likipungua karibu nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa nini? Kwa sababu altimeta yenyewe imetengenezwa kwa anga hiyohiyo ya mfano. Kifaa hakijui kama nje kuna joto au baridi. Ili kimjibu rubani sawasawa, lazima namba itokane na hesabu ileile iliyomo ndani ya kifaa.

Anga ya mfano inadai kwamba kwenye futi 5,330 joto liwe nyuzi nne na nusu hivi. Nairobi ya nyuzi nne na nusu labda uitafute alfajiri ya Julai huko Limuru. Asubuhi ya kawaida kiwanjani ni nyuzi 17, 18, 20. Hewa ya joto ni nyepesi, hewa ya baridi ni nzito. Kwa hiyo hesabu ya QNH inajaza lile pengo la futi 5,330 kwa hewa ya baridi na nzito kuliko ambayo ingekuwapo kweli. Inajumlisha kama hektopaskali 182, unapata 1022. Ukijaza pengo hilohilo kwa hewa yenye joto linalolingana na la Kenya, utajumlisha kama 173 tu, na utapata 1013 au karibu yake.

Na Mombasa? Kiwanja cha Moi kiko futi 200 tu. Cha kujumlisha ni hektopaskali 7 hivi, na hata ukikosea joto la hewa ya futi 200, kosa halionekani. Kwa hiyo Mombasa inatoa 1013 kwa njia yoyote utakayotumia. Kumbe bahari ni moja kweli, kama ulivyosema. Tofauti ya 9 unayoiona kwenye taarifa imetokana na hesabu, haiko hewani. Ingekuwa iko hewani, tofauti ya hektopaskali 9 katika kilomita zipatazo 440, karibu na ikweta, mabati ya Voi na Mtito Andei yasingebaki juu ya nyumba.

Watabiri wa hali ya hewa wana swali lao kwenye orodha, QFF, ambalo linatumia joto halisi. Hiyo ndiyo namba inayochorewa ramani za mgandamizo mkubwa na mdogo. Mtu akichukua QNH za viwanja vya nyanda za juu akazichora kwenye ramani pamoja na za pwani, atagundua eneo la mgandamizo mkubwa ambalo halipo.

Lakini ingawa 9 hiyo ni ya hesabu, mishale ya altimeta inaitii kama kitu halisi. Chukua ndege ndogo ya kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, kwenda pwani, rubani ameweka 1022 ya Nairobi asubuhi, na tuseme hakubadilisha namba njia nzima. Anashuka Mombasa, ambako namba ni 1013. Tisa mara futi 27 ni futi 243. Akigusa ardhi, altimeta itasema futi 440 na ushee wakati kiwanja kiko futi 200. Maana yake ni kwamba alipokuwa akidhani ana futi 240 za nafasi chini yake, hakuwa na hata moja. Safari ya kurudi kosa linageuka upande salama: ukienda Nairobi na 1013, altimeta inasoma chini kuliko ulipo, unadhani uko karibu na ardhi kumbe bado una nafasi. Namba kubwa mno kwenye kidirisha ndiyo ya kuogopa. Ndiyo maana pia, kipimo kikitoka 1022.8, taarifa huandika Q1022. Desimali hukatwa, hairuhusiwi kupandishwa kuwa 1023.

Hiyo Q unayoiona kwenye taarifa, kwa njia, ni mabaki ya msimbo wenyewe. Tazama mstari huu niliotunga kwa mfano:

METAR HKJK 150600Z 04008KT 9999 FEW022 17/13 Q1022

METAR ni taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja, HKJK ni Jomo Kenyatta, tarehe 15, saa tatu asubuhi ya kwetu, upepo wa kaskazini-mashariki wa noti 8, kuona mbali ni kilomita 10 au zaidi, mawingu machache futi 2,200 juu ya kiwanja, joto nyuzi 17, umande nyuzi 13. Halafu Q, na namba. Taarifa ya Marekani mahali hapo huwa na A badala ya Q, na tarakimu kama A2992, yaani inchi 29.92 za zebaki. Wamarekani hawasemi QNH kabisa redioni. Wanasema "altimeter" na tarakimu nne. Japani wanasema QNH lakini namba ni inchi. Ukiona rubani wa Ghuba au wa hapa kwetu anauliza mara ya pili akiwa kwenye anga la kigeni, usimcheke. Mnara ukifupisha ukasema "992" tu, mmoja atasikia inchi 29.92, ambayo ni sawa na 1013, mwingine atasikia hektopaskali 992. Kati ya namba hizo mbili kuna hektopaskali 21, karibu futi 570.

Paris, tarehe 23 Mei 2022, kosa lilikuwa dogo kuliko hilo. Airbus A320 iliyotoka Stockholm ilikuwa inakaribia uwanja wa Charles de Gaulle katika mvua, kwa aina ya utuaji ambayo mteremko wa ndege unakokotolewa kutokana na altimeta. QNH halisi ilikuwa 1001. Mwongoza ndege akasema 1011. Marubani wakarudia 1011, wakaiweka. Tarakimu moja. Kila kitu ndani ya ndege kilionyesha mteremko sahihi, mistari iko katikati, kumbe ndege iko futi 280 hivi chini ya njia yake. Marubani hawakuiona njia, wakaamua kupanda tena, na wakati wanaanza kupanda ndege ilikuwa futi 6 juu ya ardhi, ikiwa bado na karibu maili moja ya baharini kufika mwanzo wa njia ya kurukia. Futi 6 ni kimo cha mtu mrefu. Mfumo wa ndani ya ndege wa kuonya kuhusu ardhi haukulia.

Nairobi nayo ina kisa chake, cha Septemba 1974, ingawa pale kilichokosewa ni kimo chenyewe, QNH haikuwa na kosa. Boeing 747 ya British Airways iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Ndani ya ndege ikaeleweka futi 5,000. Rudi juu usome kimo cha kiwanja: 5,330. Walikuwa wanashuka kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi, na QNH yao iko sawasawa kabisa. Walifika karibu futi 70 juu ya ardhi kabla ya kupanda. Kwa hiyo mwalimu wako anapokung'ang'aniza urudie kila namba uliyopewa, na ulinganishe na uliyoisikia kwenye taarifa iliyorekodiwa ya kiwanja, mvumilie.

Ulichouliza mwishoni mwa barua, ambacho sikukinukuu hapo juu, ni kama unatakiwa kukariri orodha yote ya Q. Hapana. Sauti ilipochukua nafasi ya Morse, misimbo mingi ilikufa kifo cha kawaida, hakuna haja ya kusema QSY wakati "hamia masafa 118.7" inasemeka. QNH imebaki kwa sababu sentensi yake haifupiki: jaribu kuisema kwa maneno mengine katika sekunde mbili uone. QFE ipo pale inapotumika. QDM, "nielekee nyuzi ngapi za dira ili nifike kwako upepo usipokuwapo?", utakutana nayo kwenye masomo ya kutafuta njia, pamoja na ndugu yake QDR, ambayo ni mwelekeo wa kutoka kwenye kituo. Marubani wanaotumia Kifaransa, wa Kongo na Burundi wakiwamo, utawasikia wakisema QFU kwa mwelekeo wa njia ya kurukia. Wapenzi wa redio za mawasiliano ndio waliobaki na orodha nyingi zaidi, na hubadilishana kadi za QSL, za kuthibitisha kwamba walisikiana, kama watu wanavyobadilishana stempu. QRH, kitabu cha hatua za dharura kilichomo ndani ya ndege, haimo katika familia hii ingawa inavaa sare moja nayo. Hiyo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza kweli.

Ukianza kuruka, itamke herufi moja moja kama zilivyo. Usiseme Quebec November Hotel. Kanuni za ICAO zinaruhusu misimbo ya Q itamkwe bila majina hayo. Namba itamke tarakimu moja moja, moja sifuri mbili mbili, usiseme "elfu moja na ishirini na mbili". Na siku ukipewa namba iliyo chini ya 1000, jambo ambalo hapa kwetu halitokei mara nyingi ila ukienda Ulaya wakati wa baridi utalizoea, malizia kwa kutaja "hektopaskali" unaporudia. Mwongoza ndege asipoitaja yeye, muulize.